Bega la Mwalimu Rula

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula kwa sababu mistari yake ubaoni haikupinda, na yeye mwenyewe alikuwa hapindi. Alilijua jina hilo, na moyoni alilipenda.

Bega la kulia lilipoanza kukakamaa alijitia hamnazo. Mume wake alimsaidia kuvaa blauzi, naye mwalimu akiulizwa alisema ni uchovu tu. Hofu yake ilikuwa moja: mwalimu mkuu akijua, atampeleka stoo kugawa vitabu, na chaki ndiyo maisha yake. Basi mkono akaupumzisha kadiri alivyoweza, na bega nalo likazidi kuganda.

Maandishi yake yakaanza kushuka ubaoni, yakafika katikati, yakapita, naye wala hakugundua. Alichoona yeye ni utundu: watoto wa nyuma walisimama ovyo wakati wa kunakili. Aliwafokea mpaka sauti ikamkauka. Walikaa, akigeuka wakasimama tena.

Siku ya jaribio aliandika maswali, akaenda kukaa dawati la mwisho ili awanase wanaoibia. Akainua macho. Hakuona swali hata moja, vichwa tu. Maskini, alinyong'onyea.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Kiranja, msichana asiye na maneno mengi, alisimama. "Tulikuona, mwalimu, ukinyoosha mkono unakunja uso. Tukasema bora tusimame sisi."

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Rula alikwenda hospitali. Mtaalamu wa viungo, kijana wa kumzaa mwenyewe, alimweleza kuwa bega la namna hiyo halitaki kuachwa limelala wala kukurupushwa. Alikande kwa maji ya moto, kisha vidole vitambae ukutani kila siku, na maumivu yakizidi avishushe.

"Taratibu tu, mama," alisema. "Litachukua miezi, lakini litafunguka."

Mwalimu mkuu alipoambiwa hakutaja stoo hata kidogo. Watoto wa nyuma wakapewa ruhusa ya kusimama. Kila asubuhi Mwalimu Rula alitambaza vidole ubaoni mbele ya darasa zima, na vilipoishia ndipo alipoandika tarehe. Kuna wiki tarehe ilipanda, kuna wiki iligoma, akaenda kulia chooni. Darasa liliifuatilia tarehe hiyo kuliko mpira.

Asubuhi moja aliandika tarehe, akaendelea na somo. Nyuma yake madawati yakakwaruza sakafu. Akageuka kwa mazoea, tayari kufoka.

Watoto wa nyuma walikuwa wanakaa.