Kibuyu cha Mama Moureen

Ukitaka kumwudhi Phelis Nyambeki, mwite mkimbizi. Atakuangalia kuanzia viatu hadi kofia, kisha akuulize kama umewahi kumwona akiomba chumvi mlangoni kwako. Mimi ni jirani yake hapa Litein, chai yangu inapakana na ile anayochuma, na sijawahi kumwona akiomba chumvi.

Kwao ni mpakani, ng'ambo ya Sotik. Miaka miwili iliyopita vurugu zilizuka kule, nyumba yake ikachomwa, akabaki na kiwanja, majivu na binti yake Moureen. Hakwenda kambini. Alikuja kwa Chelangat, mama yake Cheptoo, mwanamke waliyechuma naye chai miaka kumi na mmoja kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Chelangat ana mdomo mkali, lakini alimpa chumba, na wiki ile ile akampa kibuyu. Kwa Chelangat kila mtu wa nyumba ana kibuyu chake cha mursik, yale maziwa lala yetu yenye majivu ya mkaa. Mgeni humiminiwa kwenye kikombe. Nyambeki alipewa kibuyu, kikaning'inizwa ukutani kando ya kile cha Chelangat.

Waliishi hivyo mpaka Mheshimiwa Kimeli, mbunge wetu, alipokumbuka kwamba duniani kuna watu waliofukuzwa makwao.

Nimempigia kura mara mbili mtu huyo, na kila nikikumbuka naona aibu. Alimtuma msaidizi wake, Zack, mtu mzima mwenye kitambi na kalamu mbili mfukoni, aje aandike majina ya watakaopewa mabati na mbao wakajenge upya. Zack aliketi kwenye baraza ya duka, watu wakapanga foleni. Nyambeki alipofika mbele, Zack hakuinua hata macho.

"Mama, list ni ya watu wa hema. Wenye wanakaa kwa nyumba za watu, serikali haiwajui. Niandike nini?"

Nyambeki alinyamaza. Hakusema hema, hakusema nyumba. Zack akaandika hema. Mimi namwelewa, maana miaka miwili alikuwa akiliota paa la kwake. Lakini alikosea na alijua amekosea, kwa sababu siku ile hakumwambia Chelangat alikotoka.

Jumatano iliyofuata tulikuwa kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na karani alikuwa amefungulia redio kwa sauti. Mheshimiwa alikuwa Bungeni. Aliibana serikali kweli, sitamnyima haki yake. Aliuliza kwa nini unga haushikiki, kwa nini mafuta ya kupikia yamekuwa ya kupimiwa kwa kijiko, kwa nini mkulima wa chai anakunywa chai yake bila sukari. Tukapiga makofi. Kisha akageuza sauti kama mtu aliyefika matangani.

"Mheshimiwa Spika, yuko mama pale Litein, anaitwa Phelis Nyambeki. Miaka miwili analala kwenye hema lililoraruka. Majirani wamemfungia milango. Tangu akimbie kwake hajaonja hata tone la maziwa."

Makofi yalikatika. Wote tulimgeukia Chelangat. Gunia lake lilikuwa limeshaning'inia kwenye mizani, lakini hakungoja uzito. Aliondoka, karani akamwita, hakugeuka. Nyambeki alimkimbilia. Majani yalipokwisha kumwagwa, mimi nikalichukua gunia lake tupu nikawafuata, na sitaficha kwamba umbea pia ulinisukuma.

Tulimkuta Chelangat amekishusha kile kibuyu na kukisukuma chini ya kitanda. Mezani alikuwa ameweka kikombe cha maua cha wageni, kisahani chake, na pakiti ya maziwa ya dukani.

"Kunywa," akasema. "Usiseme hujaonja."

"Mama Cheptoo, si mimi nimesema hiyo maneno."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hapo ndio uliniuza. Hiyo maziwa yote umekunywa hapa, Nyambeki, ilikuwa inatoka wapi?"

Miaka miwili alikuwa akimwita Mama Moureen. Siku ile alimwita Nyambeki, na kwa siku tisa akamnywesha kwa kikombe. Chakula alimpa, chumbani hakumtoa. Ningekuwa mimi, afadhali angenitoa.

Siku ya kumi Mheshimiwa akaja mwenyewe kugawa unga. Uwanjani kulikuwa na mahema sita mapya, bado yana mikunjo ya kiwandani, yamesimamishwa asubuhi ile ile na watu wa Zack. Nyambeki aliitwa wa kwanza, akasimamishwa mbele ya hema, kamera zikamwelekea. Akaomba kipaza sauti.

"Mimi sijawahi kulala kwa hema. Hii nimeiona leo. Ninakaa kwa Chelangat, yule pale ameshika mwavuli. Hakuna mlango nimefungiwa. Unga iko juu, hiyo ni ukweli. Nyumba yangu ilichomwa, hiyo pia ni ukweli. Hiyo ingine mlijitungia, na mimi nikanyamaza. Kunyamaza ndio makosa yangu."

Mheshimiwa alicheka, akamnyang'anya kipaza sauti. "Mama amechanganyikiwa na shida. Tumwombee." Zack akatoa kalamu na kulikata jina. Nilikuwa karibu, niliona. Mtu aliyetajwa Bungeni alifutwa kwa mstari mmoja, na waliokuwa wakingoja unga wakamzomea. "Umetuharibia! Rudi kwenu!" Nilitamani kumzaba mtu kofi, na sikujua nianze na nani.

Chelangat alitangulia nyumbani na mwavuli wake. Nyambeki alimfuata akilia kwa sauti. Alikuwa akiyalilia mabati, na sikumwambia anyamaze.

Ndani, Chelangat aliinama, akakivuta kibuyu chini ya kitanda, akakiweka mapajani mwa Nyambeki.

"Kinanuka. Osha mwenyewe. Mimi bado nimekasirika."

Nyambeki alikishika kwa mikono miwili. "Na nyumba yangu?"

"Nyumba yako wamekata, nimeona." Chelangat alichukua kikombe cha maua, akakirudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo. "Enda lete maji, Mama Moureen."