Papa Alibaki Kwenye Mashine

Hapa mtaani Katindo, jirani yangu ana mashine ya kusaga. Akiiwasha asubuhi, harufu ya unga wa moto huingia kwangu hata madirisha yakiwa yamefungwa, nami huacha ninachofanya.

Mashine ya kwetu, upande wa Rutshuru, haikunywa mafuta ya mazutu. Ilisukumwa na maji ya mto. Wazungu wa mashamba ya kahawa ndio walioijenga, na babu yangu alikuwa mmoja wa waliobeba mawe yake kutoka barabarani, wakiimba. Wazungu walipoondoka, kijiji kikabaki nayo, na mwishowe ikaangukia mikononi mwa Papa, baba yangu. Kelele zilikuwa zimemla masikio. Mezani alitupigia makelele kama tuko ng'ambo ya mto, na sisi tukacheka hadi Mama akatutuliza. Jioni alirudi mweupe nyusi na kope, akikohoa.

Asubuhi moja milio ya bunduki ilisikika mlimani. Mama alifunga vitenge na sufuria, akamweka mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono. Tulipofika kwenye mashine kumchukua Papa, tulikuta mlango uko wazi, gurudumu linazunguka, na wanawake wamejaa na mahindi yao vichwani.

"Papa Neema, twende!" Mama alimpigia kelele sikioni, akimwita kwa jina langu. "Vita imefika!"

"Ona hawa bamama," Papa alisema. "Beko na batoto. Mu njia batapata wapi jiwe ya kusagia? Mutangulie. Niko nakuya."

"Na sisi je? Sisi si batoto yako?"

Papa alichota unga, akaujaza kwenye mfuko wetu, akanipangusa uso kwa kiganja chake, akanichafua zaidi. Kisha akarudi ndani.

Tulitembea hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Watu wa kijiji waliendelea kufika, na kila mmoja alikuwa na unga. Mama aliwauliza wote. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mzee, amekumbatia kimfuko chake.

"Alinisagia," alisema. "Akafunga maji, gurudumu likasimama. Akaniambia, 'Enda, mama, nitakukuta mbele.'"

Hakumkuta. Hakuna aliyetuambia Papa aliangukia wapi, na hatujui kaburi lake.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Kambini wanawake walimletea Mama uji, mmoja leo, mwingine kesho, nami niliunywa huku nikiwaza kwamba Papa alipenda mahindi ya watu kuliko sisi. Niliposema hivyo, Mama alitoka nje ya hema.

Kisha, nikiwa mtu mzima, vita ikarudi na zamu yangu ya kukimbia ikafika, mimi na watoto wangu, tukiwa na mahindi makavu tu. Nilipita kwenye mashine ya kwanza niliyoiona. Mlango ulikuwa na kufuli. Mwenyewe alikuwa ameondoka na familia yake, na sikuweza kumlaumu, kwa maana mimi pia ningefanya hivyo. Mtoto wangu mdogo alijaribu kutafuna punje, akazitema, akaniangalia bila kulia. Nilikaa chini pale mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilimlilia Papa, si kwa hasira.

Wale wanawake waliomletea Mama uji kambini walikuwa wanajua kwa nini Papa alibaki. Watoto wao wote walifika wameshiba.