Watu wa Redio ya Mama

Mwaka ule tulipoonja mkate wa dukani baada ya kula michembe mitupu, vile viazi vilivyokaushwa, mama aliuza pamba akanunua redio. Juzi mjukuu wangu Kabula, ambaye hakufundishwa ufundi na mtu, alikuwa akilehemu runinga bapa, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ikanirudisha utotoni kwa mjomba, fundi wa redio, siku alipofungua redio yetu iliyokwaruza. Nilidhani watu wanaosema ndani ya redio wanaungua, nikalia.

"Wamekufa, mpwa wangu," akasema.

Jioni nikawasikia wakiimba kwake, kwa mkwaruzo uleule. Leo najua alinyofoa spika yetu akaitia kwenye redio yake. Siku ile nilijua ametuibia watu wetu.

Alipokuja kwetu, mama akaniambia, "Piga goti, umsalimie mjomba wako."

"Simsalimii."

Akanifinya sikio.

"Simsalimii."