Kinyozi Aliyepongeza Kabla ya Matokeo

Habari ilinifikia asubuhi, kupitia kundi la WhatsApp la sisi tunaojitolea kufundisha watoto nyuma ya saluni moja ya Kadutu, hapa Bukavu: muzee wetu, kinyozi, amefariki. Alikuwa amemaliza kumnyoa mteja, akasema kichwa kinamuuma, akaketi kwenye kiti chake cha kazi, na hakuinuka tena. Wasomaji wangu wa kila juma wananijua: mimi ni mtu wa kufikiri jambo moja mpaka jambo lenyewe lichoke. Niliandika pole, nikaifuta. Nikaandika nyingine ndefu, nikaona inafanana na hotuba ya meya, nikaifuta nayo. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kuandika, wengine wametuma picha za mishumaa, na mimi bado nilikuwa najiuliza kama alama ya mshangao inafaa kwenye msiba. Mwishowe nikatia simu mfukoni, nikavaa viatu, nikapanda mlima kwenda kwake. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina la mtu mdogo likitokea gazetini, basi amekufa au ameiba, na sitaki majirani waanze kubishana ni lipi.

Saluni yake ilikuwa na kioo kimoja, kiti kimoja, na redio iliyosema inapotaka. Kazi ya watoto aliianza bila kukusudia. Juma la mwisho kabla shule hazijafunguliwa, aliwanyoa bure watoto waliokuwa hawana mtu wa kuwapeleka kwa kinyozi, kwa sababu, alisema, mtoto mwenye nywele za msituni hukaa nyuma darasani, na anayekaa nyuma hasikii. Baada ya nywele wakaja kuomba kalamu. Baada ya kalamu wakaja na kazi za nyumbani wasizozielewa, na yeye hakuzielewa pia, ndipo akaanza kuwakamata wateja wake wanafunzi wa chuo kikuu wakiwa wamekaa kitini, shuka shingoni, hawawezi kukimbia. Hivyo ndivyo uwanja ule wa nyuma ulivyopata paa la bati, vyerehani, meza ya seremala na sisi walimu wa kujitolea. Wageni waliokuja na magari marefu waliuita mradi. Yeye aliuita nyuma, tu: "Mutoto iko nyuma," "Peleka mbao nyuma."

Mimi pia nilikamatwa kitini. Nilikuwa nimekwenda kunyolewa kabla ya mahojiano ya kazi, nimevaa koti la mjomba wangu, nimekwisha kujibu kichwani maswali yote yanayowezekana na mengine yasiyowezekana. Aliponipaka poda shingoni alinitazama kwenye kioo.

"Koti hii, unaenda kuoa?"

"Naenda kutafuta kazi, Papa. Nilisha maliza université."

"Ah! Na balikumwangia pudre?"

Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini kwa walio mbali: kwetu, mwanafunzi akifaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, au akipata diploma, ndugu na marafiki humwagia poda nyeupe kichwani, naye hutembea mitaani akiwa mweupe kama mwashi, watu wakimpigia vigelegele. Nikamjibu kwamba mimi nilikataa. Niliwaambia nyumbani wangoje kwanza nipate kazi, ndipo tufurahi kwa pamoja.

Alizima mashine. "Na kazi ikikawia?"

"Basi bangoje."

"Licencié muzima, mutu wa université! Miaka yote ile ya kula fufu na woga, na hakuna hata mutu mumoja alikuambia asante?"

Kabla sijapanga jibu, kopo lote la poda lilikuwa kichwani mwangu, kwenye nyusi, kwenye koti la mjomba. Nikapiga kelele: "Papa! Sasa bakubwa batasema nini?" Akanipangusa pua kwa kidole. "Bakikuuliza, ubaambie uliisha maliza. Haiko kweli?" Nikaingia kwenye mahojiano nikiwa na harufu ya mtoto mchanga. Kazi sikuipata. Hadi leo sijui kama kosa lilikuwa la poda au la jibu langu kuhusu nitakakokuwa miaka mitano ijayo, jibu lililokuwa na mabano ndani ya mabano. Juma lililofuata nilirudi saluni kulalamika, nikatoka na chaki mkononi na darasa la hesabu.

Ndipo nikagundua kwamba yaliyonipata yalikuwa desturi yake. Mjini kwetu poda ni ya matokeo. Kwake ilikuwa ya kazi iliyokwisha. Msichana akimaliza kushona blauzi yake ya kwanza, poda, kabla hata mwenye blauzi hajaijaribu. Kijana akimaliza meza, poda, na nakumbuka meza moja yenye mguu mfupi iliyoyumba kama mtu aliyetoka kwenye kasigisi, ile pombe yetu ya ndizi; seremala wake alipakwa kwanza, kisha akarudishiwa meza ailekebishe huku akipiga chafya. Jambo hili lilinitesa. Siku moja nikamwambia muzee kwa heshima zote kwamba wahenga walionya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aliendelea kunyoa. "Na mugema yule habamusifu hata siku moja?" akauliza. "Anashuka ku muti, anaenda zake. Sasa utakunywa nini, Prof?" Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka akakatwa sikio kidogo.

Nililibeba swali hilo mpaka mwaka jana, lilipokuja kumgusa msichana mmoja wa darasa langu. Wazazi wake walikwisha kufariki, na alikuwa akiishi kwa mama yake mdogo, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwanamke mwenye sauti inayofika sokoni kabla yake. Huyu mama alikuwa na kaka yake huko Shabunda, mwenye kibanda cha chakula kwenye machimbo ya dhahabu, na kaka huyo alikuwa akitafuta mtu wa kuwapikia wachimbaji. Makubaliano ya nyumbani yalikuwa mafupi: msichana akifaulu mtihani wa Serikali, atabaki Bukavu asome zaidi, akianguka, ataenda Shabunda. Sote tulijua maana yake. Msichana wa umri ule akienda kupika machimboni, habari zake huanza kuja kwa uchache, kisha haziji. Yeye mwenyewe alikuwa akitaka kuwa mwalimu wa watoto wadogo, na nyuma kwa muzee alikuwa tayari anawashika mikono wakijifunza kuandika a.

Siku ya mwisho ya mtihani alipita saluni akitokea shuleni, kalamu bado mkononi, na muzee akafanya kama kawaida yake: kopo zima. Msichana akashuka mtaa akiwa mweupe, akicheka, na mtaa ukafanya jambo ambalo mtaa wowote wa Bukavu ungefanya. Matokeo yametoka! Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wa pikipiki wakapiga honi, mtu akapiga mlango wa mama mdogo kumwambia mtoto wake amefaulu. Matokeo, tafadhali mkumbuke, yalikuwa hayajafikiriwa hata na wasahihishaji. Niliposikia kelele nikamwambia muzee kwa hofu kwamba lazima tukimbie tukasahihishe habari. Alivua eprani polepole sana kwa mtu aliyeombwa kukimbia.

Tulipofika, kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa, tena yule wa kutaga. Ua lilijaa majirani, na mama mdogo alikuwa anacheza katikati na sufuria kichwani.

"Maman," nikasema, "samahani, matokeo haiyatoka."

Alisimama na sufuria yake. "Haiyatoka namna gani? Na pudre hii?"

"Ni ya muzee. Anapaka mutu akimaliza."

Akamgeukia kinyozi. "Weye muzee, unanyoa mbele ya kutia maji? Na kuku yangu?"

"Kuku ilikufa juu ya kazi, Maman," muzee akasema. "Mutoto hakufanya kazi? Angalia vidole vyake, wino tupu."

"Kinyozi gani asiye na haya!" akasema, lakini majirani walikuwa wamekwisha kushika vipaja, na huwezi kumnyang'anya jirani kipaja. Ngoma ikaendelea. Muzee naye akala bawa, akasema limeiva vizuri. Mimi kipande changu nilimpa jirani. Nilikuwa nahesabu jinsi aibu itakavyokuwa kubwa zaidi akianguka, sasa kwa kuwa mtaa mzima umekwisha kucheza.

Akaanguka. Matokeo yalipotoka kwenye simu niliyasoma mara nyingi, kana kwamba yangenionea huruma. Muzee alifunga saluni mchana, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mvua ya mawe, na tukashuka pamoja. Msichana alikuwa amekaa ukutani, mfuko wake wa nguo umefungwa kando yake. Alikuwa ameufunga mwenyewe, bila kuambiwa. Mama mdogo alikuwa anapanga sambaza kwenye sinia, samaki mmoja mmoja, kwa utaratibu ambao samaki wadogo vile hawauhitaji. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu. Sikupewa nafasi.

"Prof, nyamaza kwanza," akasema. "Avenue yote ilicheza hapa kwangu. Balimubeba mutoto huyu ku mabega. Sasa nitoke niseme nini? Kwamba ule tulimuchezea, nimemutuma kupikia bachimbaji?" Alitupa samaki kwenye sinia. "Kuku ilisha liwa. Mutu hatapike kuku." Kisha, kwa msichana: "Fungua ile mufuko. Utarudia mwaka."

Njiani kurudi nilimwuliza muzee kama alikuwa amelipanga. Kama alijua tangu mwanzo kwamba mtoto akishangiliwa hadharani, mama mdogo hataweza kumtoa kimya kimya. Au ilikuwa bahati tu, na ingeweza kugeuka kuwa msiba? Nikampa na uwezekano wa tatu. Alisimama kupumua, maana mlima ule hauna huruma, akasema, "Prof, kichwa yako inachemuka bila makaa." Hilo ndilo jibu pekee nililopata, na sasa halitapatikana lingine.

Tulimzika kijijini kwao, Mumosho. Asubuhi ya siku hiyo vijana aliowafundisha ukinyozi walinyoa kila mwombolezaji aliyepita mlangoni, na kwa kuwa wengine ni wa mwezi uliopita tu, msafara wetu ulikuwa na vichwa vya kila namna. Padri mwenyewe alikuwa na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na alisoma misa bila kulalamika. Msichana alikuwepo. Alikwisha kurudia mtihani, muzee aliwahi kumpaka poda siku ya mwisho ya mtihani, na ninapoandika haya matokeo bado hayajatoka. Baada ya maziko mama yake mdogo alikaa karibu nami kwenye nyasi.

"Unafikiri atapita?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kwamba mwaka huu Kifaransa kilikuwa chepesi lakini hesabu ilikuwa na swali moja lenye utata, na kwamba ukizingatia…

"Nilikuuliza unafikiri nini, sikuuliza unahesabu nini," akanikata. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo: "Hata asipopita, Shabunda haendi. Nilisha ambia kaka yangu atafute mupishi mwengine. Mutoto huyu iko na kazi ya batoto badogo kule nyuma. Ule muzee alisha muacha pale, nami nitamuacha pale."

Nimeligeuza neno hilo siku kadhaa. Mji wetu umefundishwa kungoja: umeme, barabara, diploma iliyokwama ofisini, habari njema kutoka redioni. Tumezoea mpaka hata shukrani tunaiweka akiba, tukiogopa kuitoa mapema isije ikaharibika. Na watoto wasio na wazazi ndio wanaongoja zaidi ya wote, maana kwa wengine sifa hutoka nyumbani kila jioni bila kuombwa, ila kwao lazima kwanza walete ushahidi. Sisemi matokeo hayana maana. Bado nawafundisha hesabu, na mbili na mbili bado ni nne hata mbele ya mtoto yatima. Sina hakika pia kwamba kila meza inayoyumba inastahili kushangiliwa. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba mtoto aliyefurahiwa mbele za watu huwa na watu, na mwenye watu hapotei machimboni kirahisi. Hatukumlinda kwa alama zake, maana hakuwa nazo. Alilindwa na furaha ambayo mtaa ulikuwa umekwisha kuitoa na ukaona aibu kuirudisha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akiweka kalamu chini mbele yako, au sindano, au randa, mshike mkono siku hiyo hiyo. Matokeo yatakuja kwa miguu yao yenyewe. Hayahitaji kutukuta tumenuna.