Tulilifagia Vumbi Kabla Tribinali Haijafika

Ninyi vijana mutakaosoma haya, mumesoma kuliko mimi. Mimi niliacha masomo mapema, na mambo ya sheria nilidhani ni ya watu wa koti na kalamu. Basi musikilize namna mwanamuke mwenye fagio anavyoweza kuvunja kesi.

Hapa kwetu Kalemie, nyuma ya avenue yetu kuna kilima, na juu yake patron mumoja aliweka mashine ya kusaga mawe. Ikinguruma, vumbi jeupe linashuka juu ya mabati, juu ya samaki wadogo, ndakala, tunaowaanika, ndani ya visima. Jirani yangu, mujane, njo anakaa chini kabisa ya kile kilima. Shamba lake la sombe, majani ya muhogo, ndilo lililolisha watoto wake. Majani yakawa meupe, na sokoni wamama wenzake wakamucheka: "Mama, unauza sombe ao unga?"

Akachoka. Akapata avoka wa kumutetea, akamupeleka patron tribinali, mbele ya juje. Aliomba jambo moja tu: mashine ihamishwe mbali na mashamba.

Tribinali wakasema vizuri, tutateremka wenyewe tuone kwa macho. Jirani akaenda mujini kwa avoka wake, akalala huko kwa dada yake ili asubuhi waje pamoja. Mimi nikabaki, na mimi njo mukubwa wa wamama wa avenue. Nikafikiri: wakubwa wanakuja kwetu, watukute hivi, kama watu waliotoka kaburini? Mugeni anapokelewa mahali pasafi, hivyo njo tulilelewa. Nikaitisha salongo, kazi ya usafi ya wote, kila nyumba itoe mutu.

"Mama, hata mabati?" mumoja akauliza.

"Hata mabati. Unataka juje aseme sisi ni nguruwe?"

"Kwani juje anakuja kulala juu ya bati?"

Wakacheka sana. Nikawakaripia, wakapanda.

Tukafagia, tukachota maji ya ziwa, tukaosha mabati mpaka yakang'aa. Kwenye shamba la jirani niliingia mwenyewe na wakwe zangu, tukaosha majani jani kwa jani. Nilidhani ninamusaidia.

Asubuhi wakafika: juje, karani wake, avoka wa jirani na wa patron, na patron mwenyewe. Mashine ilikuwa imenyamaza. Siku ile patron hakuiwasha. Jirani akashuka kwenye pikipiki, akaona shamba lake likiwa kijani, akashika mudomo.

Juje akapitisha kidole juu ya jani, akakitazama. Mimi nilikuwa mbele ya wote, nimefunga kitambaa kipya. Akaniambia, "Mama, hapa ni pasafi kuliko kwangu. Ni hivi kila siku?"

Jirani akaniangalia. Jibu nilikuwa nalo. Lakini haya ilinikamata, haya ya kutamka mbele ya wakubwa kwamba tunakula vumbi na kulala ndani ya vumbi. Nikasema, "Kila siku, Papa. Sisi si watu wachafu."

Patron akatabasamu. Karani akaandika.

Tribinali wakayakataa mashitaka: hawakuona kitu, na wakaaji wenyewe wamesema ni pasafi. Mukaaji njo mimi. Mashine ikaanza tena kunguruma, na sombe ikarudia weupe wake. Sasa jirani anabebea watu mizigo bandarini, na mutoto wake mukubwa ameacha masomo. Hajanitukana hata mara moja. Angenitukana, ningepumua. Ananisalimu tu, "Jambo, Mama," na anapita.

Musiniambie kwamba sikusoma. Kuhusu fagio, ndiyo, sikujua kwamba tribinali wanataka kukuta uchafu mahali pake. Lakini neno lile nililosema, nilijua si kweli wakati linatoka mudomoni.

Avoka anasema kesi inapanda kwenye korti ya apeli, na kwamba majuje wa huko nao wanaweza kuteremka. Nilimufuata, nikamwambia nitasimama mbele yao niseme tulichofanya na nilichojibu. Akasema labda itasaidia, labda wataniita mwongo mara mbili. Nikamwambia waniite.

Nilipofika nyumbani niliwaita wote, wakwe na wajukuu, nikawaambia: "Toka leo hakuna kuosha bati. Sombe ioshwe ile ya kuingia chunguni tu. Na mugeni akija, hata awe mukubwa wa namna gani, mumupe kiti na vumbi lake, akalie."