Kinu Kilichosingiziwa Mtetemeko

Ni Jumanne mchana, mvua inapiga dirisha la duka la ushonaji huko Balsall Heath, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Samsam anapinda gauni la harusi la mteja kutoka Sutton Coldfield. Hariri yenyewe ni nyepesi na inateleza, lakini anaishona kwa mkono bila kuinua macho. Kisha anaweka kazi chini, ananyoosha vidole juu ya meza na kuvitazama.

"Leo vimetulia," anasema. "Ya kesho anajua Mungu."

Samsam ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, akapitia Uholanzi kabla ya kuhamia Birmingham na binti yake Fosia. Ushonaji alifunzwa na mama yake, Ardo, fundi wa kutajika mpaka mikono ilipomwasi.

Ardo alianza kwa kuangusha makasi. Baadaye mabega yakawa yanaruka yenyewe, mwendo ukawa wa kupepesuka, ulimi ukawa mzito.

"Walisema mama anakunywa pombe kwa siri," Samsam anakumbuka. "Mtu wa swala tano. Wateja wakahama mmoja mmoja, na alipokufa, waliokuja kutupa pole hawakujaa hata sebule."

Miaka mitatu iliyopita Samsam alipotewa na usingizi, akaenda kwa daktari. Alipoulizwa mama yake alikufa kwa nini, akaeleza alivyoona. Daktari akautaja ugonjwa wa Huntington, unaokula ubongo polepole na kurithiwa kutoka kwa mzazi. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Akauliza: kwenu ni nani mwingine aliyetetemeka?

Upande wa babu mzaa mama, Samsam hutaja wahenga kumi bila kukwama. Babu mwenyewe, baharia, alikufa mkongwe, mikono imara. Ukabaki upande wa nyanya: Gwen, Mzungu wa Wales aliyeolewa na babu bandarini Cardiff. Babu alimleta Ardo Isiolo akiwa na miaka sita, bila mama. Kuhusu Gwen alisema tu kwamba kwao walikuwa wakulima wenye kinu cha maji cha kusagia nafaka, na kwamba aliugua akili.

"Nasaba ya wanaume nilipewa nikiota meno," Samsam anasema. "Ya nyanya yangu, hakuna aliyeona inafaa."

Aliyemsaidia ni Gurmit, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Nakuru, ambaye hujitolea maktabani kuwasaidia watu kutafuta koo zao. Walianza na cheti cha kuzaliwa cha Ardo, wakapanda hadi sensa na vitabu vya ubatizo. Wakakuta vizazi vinne vya wasaga nafaka kando ya mto mmoja, na mtu mmoja aliye hai: Emrys, mfugaji wa kondoo, mpwa wa Gwen.

Gurmit ndiye aliyeendesha gari hadi Wales, shambani kwa Emrys.

"Mama Fosia, ukifika usianze na ugonjwa," alimwambia njiani.

"Mzee, nitaanza na jina la nyanya yangu."

Emrys, mwenye miaka sabini na mmoja, alilisikia jina hilo, akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye jengo la mawe lisilo na paa. Hicho ndicho kilichokuwa kinu.

Aliwaeleza kwamba babu yake alitetemeka, na baba wa babu pia. Katika ukoo ilisemekana ni mawe ya kusagia: ukisimama karibu nayo miaka mingi, mtetemeko wake hukuingia mifupani. Ndipo baba yake, alipoona dada yake Gwen naye ameanza, akakivunja kinu ili wanawe wasalimike. Pato likakatika, nusu ya shamba ikauzwa, na baba mwenyewe naye akaja kutetemeka.

"Mdogo wangu hakuwahi kuyakaribia mawe hayo," Emrys alisema. "Akaanza kutetemeka akiwa na miaka thelathini na minane. Alijitosa mtoni."

Samsam akamweleza aliyoambiwa na daktari. Emrys akaketi juu ya ukuta uliobomoka.

"Kwa hiyo kinu hakikuwa na kosa."

"Hakikuwa."

"Sisi tulisema babu yako ndiye aliyemharibu Gwen. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakuna aliyetoka hapa kwenda kumzika. Kaburi lake silijui."

Walisimama hapo mpaka baridi ikawarudisha ndani.

Machi mwaka huu alipima damu. Anao ugonjwa. Fosia, ambaye huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, siku hiyo alimkumbatia na kusema, "Nyamaza, mama." Yeye mwenyewe hajataka kupima, na mama yake hamshurutishi.

Anayemkosesha raha sasa ni kaka yake, Yarrow, aliyebaki Isiolo na watoto sita. Mkewe, Barwako, amemnong'onezea Samsam kwamba bwana anaangusha vikombe, ameshazunguka kwa waganga wawili na kuuza ngamia. Samsam alimpigia simu.

"Aliniambia nimeenda kufukua makaburi ya Wazungu ili nimletee laana. Akakata."

Desemba atasafiri kwenda Isiolo. Tiketi anayo tayari, na mwenye duka amemruhusu mwezi mzima.

"Simu ataikata," anasema, akirudi kwenye hariri. "Lakini mimi dada yake nikiwa mlangoni, na jua la Isiolo lilivyo kali, atafungua."