Pikipiki ya Fundi wa Pampu

Mmenichosha, ninyi wa kamati ya maji. Kila nikipita, "Bibi, tuandikie habari za binti yako fundi wa pampu." Nimesoma madarasa mawili tu na mkono huu ni mzito. Haya, shikeni, mradi msinisahihishe.

Kitindamimba wangu amerithi kazi ya baba yake. Visima ni vile vile, njia ni zile zile: lami mpaka uchoke, kisha changarawe, kisha mchanga. Pikipiki yake kuukuu ilipomfia akaenda dukani kuchagua nyingine. Nikasema nakuja.

"Mama, wewe na pikipiki wapi na wapi?"

Nikavaa viatu.

Dukani akalipenda dude moja refu, tangi kama pipa, kioo cha kukinga upepo, masanduku ya bati huku na huku.

"Hii kwenye lami imetulia, unakunywa chai juu yake," muuzaji akasema.

"Ilaze chini," nikamwambia. "Halafu huyu aiinue peke yake."

Muuzaji akacheka. "Mama, wenzako huuliza inakula mafuta kiasi gani!"

Wakailaza. Binti akaipa mgongo, akashika usukani, akasukuma kwa miguu, ikasimama. "Umeridhika?"

"Hii ni sakafu. Nyuma ya duka kuna mchanga wa waashi."

Hapo binti akapandisha hasira. "Baba alikuwa peke yake, mama! Mimi nina simu!"

"Hakuwa peke yake. Nilikuwa namsikia."

Sikuwa nimemwambia mtu; pale dukani nikamwambia. Baba yake akiwa kazini bondeni, nyumbani tulimsikia akigonga mabomba. Siku yake ya mwisho, jua la saa sita, nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikasema mume wangu anapiga kazi, nikaendelea kufua. Majirani nao walisikia, wakasema vivyo hivyo. Kugonga kukaenda hadi alasiri, kukalegea, kukanyamaza. Nikasema amemaliza, nikamtengea maji ya kuoga. Kumbe kisimani hakufika. Pikipiki ilimlalia mchangani, naye alikuwa akigonga tangi kwa spana, anatuita. Tulilikuta tangi limebonyea.

 Binti akalikokota lile dude hadi mchangani, akalilaza. Akasukuma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, miguu ikazama. Muuzaji, kicheko kimemwisha, akaja kusaidia.

"Usiguse," binti akasema.

Halikuinuka. Akaomba ile nyembamba iliyokuwa pembeni, ya matairi ya meno, isiyo na kioo wala sanduku. Ikainuka.

"Kwenye lami itanitetemesha meno," akanung'unika.

"Tetemeka," nikasema. Akaichukua hiyo.

Habari za mchana ule wa baba yake hajaniuliza tena hata siku moja. Ila akiwa na kazi bondeni, hagongi bomba kabla hajapiga simu: "Mama, ni mimi. Naanza kugonga." Nashukuru. Lakini siku nyingine simu hailii, na ngo, ngo, ngo naisikia.

Basi mmepata mlichotaka. Sasa zamu yenu. Njooni mkae nami mchana mmoja, saa sita mpaka alasiri. Mkiniona nainuka kwenda mlangoni, msiniambie hakuna mtu. Inukeni tutoke wote.